Jiwe la Moto, Jiwe la Mashapo

Mwenyekiti wa kamati ya mifereji ya Endaharay alikuja bandani bila miadi, tope la shamba la vitunguu likiwa limemganda hadi vifundoni. Alipokaribishwa kiti alikitazama tu.

"Nimeambiwa wewe ndiye utakayesema huo moshi wa miji uzikwe wapi," alisema. "Basi nionyeshe mawe yenyewe. Sitaki kunyang'anywa maji na kitu nisichokijua sura."

Jina lake lilikuwa Basilisa Amnaay. Namkunda Mbwambo, mtaalamu wa miamba, alikuwa ameliona kwenye barua tatu za malamiko, zote zimeandikwa kwa mkono na zote fupi. Wiki sita alizokwisha kukaa Endaharay alikuwa akiziogopa barua zile kuliko nyoka wa mawe, kwa sababu mwandishi wake aliuliza maswali ambayo Namkunda mwenyewe hakuwa na majibu yake.

Alimpeleka kwenye meza ndefu. Juu yake palikuwa na masanduku mawili ya mbao, na ndani yake vigogo vya mwamba, mviringo, unene wa mkono wa mtu, jinsi mtambo wa kuchoronga ulivyovitoa ardhini. Sanduku moja lilikuwa jeusi tupu. La pili lilikuwa la kahawia yenye mistari.

"Shika hili jeusi."

"Zito," alisema Basilisa.

"Ni jiwe la moto. Lava. Ilitoka kule mlimani, ikatiririka, ikapoa, ikawa hivyo. Kazi ya siku chache. Unaviona vitundu? Lilikuwa linachemka kama uji lilipoganda. Hayo ni mapovu yake."

Basilisa alitia ncha ya kidole kwenye kitundu kimoja. Kisha akalirudisha jiwe, akaokota la kahawia. Punje chache za mchanga zilimbakia kiganjani.

"Hilo ni mashapo. Kama yale yanayotua chini ya mtungi. Hapa palikuwa na ziwa kubwa. Mto ukaleta mchanga, ukatua, mwaka wa pili ukaleta mwingine juu yake. Uzito wa juu ukaubana wa chini. Limechukua miaka laki kadhaa kuwa na urefu huo ulioushika."

"Na huu mstari mwembamba?"

"Ukame."

"Na huu?"

"Mnyoo alipita hapo. Hiyo ni njia yake."

Basilisa alicheka kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo hili la kahawia limeona mengi, na hilo jeusi limeona jambo moja tu."

"Ndiyo. Lakini lile jeusi likishika, halisahau." Namkunda alifungua kopo, akatoa kipande kingine cha lava. Vitundu vyake vilikuwa vimejaa kitu cheupe, kigumu, kama nazi iliyogandia kwenye mbuzi. "Hiki tulikitia hewa ukaa miezi ishirini iliyopita, kwenye maabara. Hewa imekula chuma na chokaa ya jiwe, imekuwa jiwe yenyewe. Hata ukilipiga nyundo haitoki tena."

"Na la mashapo?"

"Humo hewa haigeuki. Inakaa baina ya punje za mchanga kama maji yanavyokaa kwenye sifongo, na juu yake pana tabaka la tope gumu linaloizuia isipande. Kifuniko."

"Kifuniko kikipasuka?"

"Hewa ukaa ni nzito. Inashuka mabondeni, inajaza kimyakimya. Walio chini wanalala, hawaamki."

Basilisa aliweka jiwe la kahawia mezani taratibu, kama anayelaza mtoto. "Basi mambo ni mepesi. Chukua jeusi."

"Jeusi linataka maji," alisema Namkunda. "Kila debe la hewa linashushwa na madebe ishirini na matano ya maji, na maji yakishuka hivyo hayarudi."

Hapo ndipo Basilisa alipokaa.

* * *

Sheria ya Mlinzi ilipitishwa Namkunda akiwa msichana, mwaka uliofuatia msiba wa Bonde la Sumbiri. Pale hewa iliyozikwa ilivuja usiku, watu elfu nne wakakutwa asubuhi vitandani mwao kama waliolala, na wataalamu watatu waliowahi kutia saini kwamba mwamba wa Sumbiri ni salama walikutwa ng'ambo, wastaafu, wakimwagilia maua. Wananchi walisema: kumbe mtu anatia saini jambo la miaka elfu, naye na wanawe wako mbali. Tangu hapo, mwamba unaogeuza hewa kuwa jiwe hauhitaji mlinzi. Lakini mwamba unaoiweka hewa ikiwa hewa unamfunga aliyeutilia saini. Yeye ataishi juu yake akiusikiliza kwa vyombo, na baada yake mzaliwa wa kwanza wa kila kizazi cha ukoo wake, vizazi kumi.

Namkunda alikuwa na miaka hamsini na minane na mtoto mmoja.

Mtoto huyo alifika Endaharay Jumanne, tumbo la miezi mitano likiwa limetangulia, na mkoba wa vifaa vyake begani, maana hakuwa mtu wa kuacha kazi nyuma. Naetwe alitengeneza miguu ya bandia Mtwara. Watu walikuja kwake kutoka visiwani na kutoka ng'ambo ya Ruvuma.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ungepiga simu, njia yote hiyo na hali yako."

"Ningepiga simu ungenijibu kitaalamu." Alijitupa kitandani, akavua viatu. Miguu ilikuwa imemvimba. "Nimesoma magazeti. Wanasema mtaalamu anasitasita. Nikawaza, mama yangu anasitasita nini? Pana jiwe linalofunga hewa milele na pana jiwe linaloiweka rehani. Mtoto wa darasa la tano angechagua."

Namkunda alimkanda miguu akimweleza habari za maji. Chemchemi saba za Endaharay zilitoka chini ya ule mlima wa lava. Vitunguu, mahindi, ng'ombe, watu elfu tisa. Bomba kuu la kuleta hewa kutoka minara ya kuinyonya mijini lilikuwa limebakiza kilomita arobaini kufika. Kama maji ya kushushia hewa yangetoka kwenye mishipa ileile ya chemchemi, basi miaka kumi na tano tu ingetosha kuzikausha.

"Kama," alisema Naetwe. "Hujui."

"Sijui bado."

"Na hicho kifuniko cha tope, unakijua?"

"Nakijua kwa miaka mia tatu. Baada ya hapo nakisia."

Naetwe aliuondoa mguu wake mikononi mwa mama yake. Hakuuondoa kwa hasira. "Mama, mimi sitaki kuwa mlinzi wa jiwe. Nimesema wazi, sioni haya. Na huyu humu ndani hajasema chochote, hana hata jina. Utamwekea saini vipi mtu asiyeweza kukuambia hapana?"

Namkunda alichukua taulo akamfuta mafuta miguuni.

* * *

Rangi ya kufuatilia njia ya maji ilitiwa kisimani siku ya Jumatano, kwa idhini ya kamati ya mifereji, baada ya Basilisa kuinywa kwanza mwenyewe mbele ya watu ili kuwaondolea hofu. Ilikuwa rangi ya kijani kibichi kinachong'aa, isiyo na ladha wala madhara. Namkunda aliimimina kwenye kisima kilichochorongwa kwenye lava, mita mia sita kwenda chini, kilomita kumi na moja kutoka mashamba. Injinia Mgaya wa Shirika la Maziko ya Hewa, aliyesimamia mradi, alisema rangi hiyo wasingeiona tena hadi siku ya kiama.

Hadi siku ya kumi hakuna kilichotokea. Mgaya alianza kupiga mluzi akitembea kambini.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, Namkunda na Naetwe walikuwa wakipima kasi ya maji kwenye mfereji wa nne waliposikia mayowe kutoka shamba la juu. Hayakuwa ya msiba. Yalikuwa ya mshangao. Kisha wakaona wenyewe. Maji yaliyokuja mferejini yalikuwa na rangi ya majani machanga ya mgomba. Yalipita miguuni pao, yakaingia kwenye matuta, yakasambaa kati ya vitunguu.

Mwanamke mmoja alikuwa ameinama akiosha mtoto. Alisimama, akamnyanyua mtoto juu, mikono yake ikichuruzika kijani, akawatazama wao wawili kama wanaodaiwa maelezo.

"Hayadhuru, dada," Naetwe alimwambia kwa sauti. "Ni rangi tu."

"Najua ni rangi," alisema yule mwanamke. "Nilikuwepo mkutanoni. Nauliza inasema nini."

Naetwe alimgeukia mama yake. Namkunda alikuwa amechuchumaa, amechota maji kwa kiganja, na midomo yake ilikuwa ikihesabu siku.

"Inasema ni maji yaleyale," alijibu Naetwe mwenyewe.

Waliporudi kambini, Naetwe alisimama getini. "Nimeona," alisema. "Usidhani sikuona. Lakini kosa la kuwanyang'anya hawa maji halisahihishwi kwa kumfunga mwanangu. Ni makosa mawili, Mama, na unataka kuchagua moja."

* * *

Injinia Mgaya hakuwa mtu mbaya. Alikuja na embe mbili mfukoni, akamenya moja, akamkatia Namkunda kipande.

"Rangi inaweza kufika kwa ufa mmoja," alisema. "Ufa mmoja si mishipa yote. Ukiandika kwamba uhusiano umeonekana ila haujathibitika, hujasema uongo."

"Nitakuwa nimesema nusu."

"Sote tunaishi kwa nusu, Daktari. Tazama: ukisaini jeusi, hewa inakuwa jiwe, dunia inapata nafuu, binti yako anarudi Mtwara, mimi nakamilisha kazi. Chemchemi zikipungua, zitapungua taratibu. Watu watahama taratibu. Hakuna asubuhi moja ya kuwakuta vitandani. Hilo nalo ni jambo, au si jambo?"

"Ni jambo."

"Na ukikataa yote mawili, wataleta mwingine. Huyo naye atakuwa na watoto."

Alipoondoka, Namkunda aliandika ripoti mbili. Ya jiwe jeusi ilimchukua saa moja, na ilikuwa nzuri. Kila sentensi ndani yake ilikuwa ya kweli. Aliisoma mara mbili akitafuta uongo, hakuuona, na hilo ndilo lililomtia baridi. Ya jiwe la mashapo ilimchukua mchana kutwa, kwa sababu kila alipofika penye muda alilazimika kuandika sijui. Aliandika kwamba kifuniko kina unene wa mita tisini. Aliandika kwamba ndani yake kuna tabaka jembamba la jivu la volkano, lililoanguka ziwani zamani, likaoza likawa udongo laini unaovimba ukilowa, na kwamba udongo huo huziba nyufa ndogo wenyewe. Hilo lilimfurahisha kidogo. Mlima ule wa moto ulikuwa umeliwekea jiwe la mashapo kiraka bila kuombwa. Kisha akaandika: Ufa mkubwa haujaonekana. Hii haina maana kwamba haupo.

Alipomaliza alikaa akizitazama. Alitambua kwamba alitaka kusaini jeusi. Alilitaka kwa mwili mzima, kama mtu anavyotaka maji, na sababu haikuwa dunia wala hewa. Alitaka mjukuu wake azaliwe popote, apende apendavyo, afe mbali kama akitaka. Na akatambua kwamba yule mwanamke wa mferejini alimtakia mwanawe hayohayo.

* * *

Kikao kilifanyika kwenye ghala la vitunguu, kwa kuwa ndilo jengo pekee lililowatosha watu. Hewa ilikuwa kali, na wengi walikuwa na machozi ambayo hayakuwa ya huzuni. Msajili wa miamba alitoka mjini na kitabu kikubwa cha karatasi, maana sheria haikukubali saini nyingine isipokuwa ya wino.

"Mtaalamu, unatia saini mwamba gani?"

"Wa mashapo," alisema Namkunda.

Watu hawakushangilia. Wengi wao walikuwa wameliona lile jiwe kwenye meza ya bandani, Basilisa akiwapeleka makundi kwa makundi, na walijua kwamba nalo lingekuwa chini ya vitanda vyao. Mgaya aliangalia viatu vyake.

"Mlinzi wa kwanza ni wewe mwenyewe. Sheria inataka mzaliwa wako wa kwanza awepo na asikie. Haihitaji akubali."

Naetwe alisimama.

"Sikubali," alisema. "Nataka iandikwe."

"Hakuna mahali pa kuandika hilo, mama."

"Basi andika pembeni." Alisubiri. Msajili, baada ya kumtazama, aliandika pembeni. "Sasa andika na hili: nimesikia."

Akakaa. Namkunda aliinama akatia saini. Ndipo Basilisa Amnaay aliponyanyuka kutoka kwenye gunia alilokalia.

"Mimi nina swali. Mlinzi anafanya nini hasa? Kila siku?"

"Anasikiliza vyombo mara nne kwa siku," alisema msajili. "Anaandika anachosikia. Akisikia mwamba unalia, anapiga king'ora na kufunga bomba."

"Inahitaji damu ya ukoo fulani, kusikiliza?"

Watu wakacheka. Msajili hakucheka. "Sheria inatambua jina moja, mwenyekiti."

"Sheria na itambue jina moja. Hapa mfereji mmoja unanywesha kaya sitini, na hatujawahi kumwachia mtu mmoja alale juu ya lango la maji miaka kumi. Tunakwenda kwa zamu. Kaya moja, siku saba. Anayekwepa zamu yake, mfereji wake unafungwa." Aliwageukia watu. "Huyu mama ametuachia maji kwa kumweka rehani mtoto wa mwanawe. Mimi sitaki kula kitunguu cha namna hiyo. Kaya yangu itachukua zamu ya kusikiliza. Nani mwingine?"

Mikono iliyonyanyuka haikuwa mingi. Namkunda, kwa tabia ya kazi, aliihesabu: kumi na nne. Mzee mmoja nyuma alisema kwamba hayo ni maneno ya leo, kesho watasahau. Mwingine akamjibu kwamba zamu za maji zilianza na kaya tatu.

* * *

Naetwe aliondoka siku ya pili yake. Mama yake alimbebea mkoba hadi barabarani.

"Sijakusamehe," alisema Naetwe.

"Najua."

"Nawe usijifariji na zile zamu. Mikono kumi na minne ya watu waliokuwa wanalia vitunguu."

"Nimeihesabu kama ilivyo."

Gari lilifika. Naetwe alipanda kwa shida, akajipangia nafasi ya tumbo kwenye kiti, na Namkunda akabaki akingoja dirisha lifunguke. Halikufunguka.

Mtoto alizaliwa Julai, wa kiume. Namkunda alipata habari kwa shemeji yake.

Hewa ilianza kushushwa ardhini Septemba. Nyumba ya kusikilizia ilikuwa chumba kimoja cha matofali ndani ya uzio, na vyombo vyake vilichimbiwa ndani kabisa ya lile tabaka la kahawia. Mtu aliyevaa visikilizio alisikia ardhi jinsi ilivyo: mvumo mzito, mbali, kama mtu anayesaga kwenye nyumba ya tatu. Wiki nane za kwanza Namkunda alisikiliza peke yake. Kaya ya kwanza ya zamu ilichelewa, ikatuma udhuru, ikatuma udhuru mwingine. Alianza kumwamini yule mzee wa nyuma.

Wiki ya tisa walikuja mume na mke, Tluway na Emerensiana, wakiwa na godoro, sufuria, na jogoo ambaye hakuna aliyeeleza kazi yake. Emerensiana ndiye yule aliyekuwa akiosha mtoto siku ya rangi. Namkunda aliwavisha visikilizio, akawaonyesha jinsi mwamba unaolalamika unavyosikika kwenye kanda za Sumbiri, vishindo vidogo vikavu, vinavyofuatana. Walisikiliza kanda ile bila kupepesa. Kisha akawapa daftari.

"Mkiona hakuna kitu, andikeni: kimya."

Jumapili alipokwenda kulichukua daftari, aliikuta siku ya kwanza imeandikwa kimya, kimya, kimya, kimya, kwa mwandiko wa kubana wa mtu asiyeandika mara nyingi. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu, zamu ya alfajiri, Emerensiana alikuwa ameandika: Kimya. Ila mume wangu anakoroma, na nadhani sauti inaingia chomboni, kwa hiyo nimemwamsha.

Namkunda alisoma mstari ule amesimama mlangoni, akacheka hadi jogoo akamtazama. Alipiga picha ya ukurasa, akaituma Mtwara bila kuandika neno. Alikuwa ametuma mambo mengi Mtwara tangu Julai: nguo za mtoto, salamu, pole. Hakuna lililojibiwa.

Hili lilijibiwa baada ya saa mbili. Hapakuwa na salamu.

Kweli inaingia chomboni? Vyombo viko kina gani? Na mtoto akilia humo ndani, mtajuaje kwamba si mwamba?

Lilikuwa swali zuri. Namkunda alivuta kiti, akasogeza daftari pembeni, akaanza kumjibu kwa urefu, kuanzia mwanzo, jinsi mlio unavyopita kwenye mchanga na jinsi unavyopita kwenye tope.